Rafiki wa Siku ya Kuanza Upya: Mafundisho ya Vitabu Vitatu

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo twaifahamu sote, na wanaume kwa wanawake huitumia. Walakini urafiki wa wanawake wenyewe kwa wenyewe haupewi heshima kubwa katika mazungumzo yetu. Wanawake wawili wakiketi barazani muda mrefu, mpita njia husema kwamba wanasengenya. Mama akimzuru mwenziwe mara kwa mara, mumewe huuliza wana siri gani. Tena umeenea msemo usio wa haki, ya kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenziwe, na hata wanawake wenyewe wameukubali na kuwafundisha binti zao.

Juma hili twapenda kuupima msemo huo. Hatutaupima kwa maneno ya kibarazani, bali kwa vitabu vitatu ambavyo jamaa yoyote yenye kupenda kusoma yaweza kuvipata. Cha kwanza kimo katika Biblia iliyo nyumbani mwetu. Cha pili kiliandikwa na mama Mwislamu wa nchi ya Senegal. Cha tatu kiliandikwa na mwana wa kisiwa cha Ukerewe, na kinahusu jamaa ya Kikatoliki. Vyote vitatu vyasimulia habari za wanawake ambao maisha yao yalivunjika, ikawapasa kuanza upya. Wawili wa kwanza wanafaulu, wa tatu anashindwa. Nasi twauliza: ni nini kilichowatenga?

Jibu letu twalitaja mapema, ili msomaji aweze kulipima kadiri anavyoendelea. Mtu aliyeangukiwa na maisha hainuliwi na mawaidha peke yake. Huinuka kwa sababu yuko mtu mmoja aliyekubali kukaa karibu naye, bila kumwaibisha, na kumsaidia kwa kitu cha kushikika mkononi. Kwa mwanamke, mara nyingi mtu huyo ni mwanamke mwenziwe.

KITABU CHA RUTHU

Kitabu cha Ruthu ni kifupi sana. Kina sura nne tu, na msomaji wa kawaida hukimaliza kwa nusu saa. Wayahudi hukisoma katika sikukuu yao ya Majuma, ambayo huangukia wakati wa mavuno. Habari zake hazina vita wala miujiza, bali zahusu njaa, misiba, shamba na chakula.

Elimeleki, mtu wa Bethlehemu, aliikimbia njaa akaenda nchi ya Moabu pamoja na mkewe Naomi na wana wao wawili. Huko Elimeleki akafa. Wana wakaoa wanawake wa Kimoabu, Orpa na Ruthu, na baada ya miaka kama kumi hao wana nao wakafa bila kuacha watoto. Wakabaki wajane watatu katika nyumba moja. Katika zama zile mjane asiye na mwana hakuwa na mtu wa kumtetea wala shamba la kumlisha. Naomi alipopata habari kwamba Mungu amewapa watu wake chakula, alifunga safari ya kurudi kwao. Njiani akawasihi wakaza wana wake warudi, kila mmoja nyumbani kwa mama yake, wakapate waume wengine. Orpa akambusu akarudi. Ruthu akakataa kumwacha.

Tuzingatie mambo matatu katika habari hii.

Jambo la kwanza ni kwamba kitabu hakimlaumu Orpa. Yeye naye alilia, naye alikuwa amewatendea wema marehemu na Naomi, na Naomi mwenyewe alimshuhudia hivyo. Alikwenda njia yake kwa baraka. Ruthu alifanya zaidi ya yale yaliyompasa, na ndiyo maana tendo lake ni kubwa. Neno la Kiebrania ambalo Maandiko yatumia kusema kwamba Ruthu aliambatana na Naomi ndilo lile lile lililotumika katika kitabu cha Mwanzo kusema kwamba mume ataambatana na mkewe. Mwandishi alijua uzito wa neno alilolichagua. Alitaka tuelewe kwamba uaminifu wa mwanamke kwa mwanamke mwenziwe waweza kuwa agano mbele za Mungu.

Jambo la pili ni uchungu wa Naomi. Walipofika Bethlehemu, wanawake wa mji walimpokea kwa mshangao. Yeye akawaambia wasimwite tena Naomi, bali wamwite Mara, maana yake mwenye uchungu. Alitoka akiwa na vitu tele, na Mungu amemrudisha mikono mitupu. Wakati alipokuwa akisema hayo, Ruthu alikuwa amesimama kando yake! Mwenye msiba hawezi kuona daima wema ulio karibu naye. Ruthu hakununa, wala hakumkumbusha jinsi alivyojinyima kwa ajili yake. Aliomba ruhusa tu ya kwenda mashambani kuokota masazo.

Jambo la tatu ni msaada wenyewe. Sheria ya Musa iliwaamuru wenye mashamba wasivune hadi pembeni, wala wasirudi kuokota masuke yaliyoanguka, bali wawaachie maskini na mgeni. Ruthu alikuwa vyote viwili. Aliokota tangu asubuhi hadi jioni katika shamba la Boazi, akapura akapata efa moja ya shayiri, yapata debe moja la siku hizi. Tena chakula alichopewa mchana alikula akashiba, na kilichobaki akamchukulia Naomi. Ndipo Naomi, aliyekuwa amekata tamaa, akaanza kufikiri tena. Akatafuta njia ya kumpatia Ruthu raha na makao. Yule aliyesaidiwa sasa akawa msaidizi. Boazi akaenda kwenye lango la mji, akaketi na wazee kumi, na habari ya shamba la marehemu na ya ndoa ikaamuliwa hadharani, kwa sheria na mashahidi.

Ruthu alipojifungua mwana, wanawake majirani ndio waliompa jina la Obedi. Wakamwambia Naomi kwamba mkaza mwana wake ni bora kwake kuliko wana saba. Obedi alimzaa Yese, na Yese alimzaa Daudi. Mtakatifu Mathayo alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alilitaja jina la Ruthu ndani yake. Basi mwanamke mgeni, mjane wa kabila lililodharauliwa, aliingia katika ukoo wa Mwokozi kwa mlango wa urafiki.

BARUA YA MJANE WA SENEGAL

Kitabu cha pili kiliandikwa kwa Kifaransa na Mariama Bâ, kikatolewa huko Dakar mwaka 1979, na kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Barua Ndefu Kama Hii. Mwaka 1980 kilipata tuzo ya Noma, tuzo iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo kwa vitabu vilivyochapishwa Afrika. Mwandishi alikuwa mwalimu na mama wa watoto tisa, na ndoa yake mwenyewe ilikuwa imevunjika. Alifariki mwaka 1981, asipate muda mrefu wa kuona jinsi kitabu chake kilivyosomwa.

Kitabu chote ni barua. Ramatoulaye, mama wa watoto kumi na wawili, amefiwa na mumewe, naye yumo edani, miezi minne na siku kumi, kama dini yake inavyoagiza. Katika upweke huo amwandikia Aissatou, rafiki yake tangu utoto, aliyesoma naye shule moja. Habari anazozieleza ni nzito. Miaka mitano kabla ya kifo chake, mumewe alioa binti wa rika la mtoto wao, tena rafiki wa mtoto huyo, akaiacha nyumba yake ya kwanza kana kwamba haikuwapo. Aissatou naye alikwisha patwa na hayo kabla yake. Mama mkwe wake, mwenye kujivunia nasaba ya kifalme, hakumpenda mkaza mwana aliye binti wa sonara, akamlea binti wa ndugu yake kwa nia ya kumwoza mwanawe.

Hapo njia za marafiki hao wawili zilitengana. Aissatou aliondoka pamoja na wanawe wanne, akarudi masomoni, akawa mkalimani, akapata kazi katika ubalozi wa nchi yake huko Marekani. Ramatoulaye alibaki. Watoto wake wengine walimshauri aondoke, hakuondoka. Sasa msomaji angetazamia kwamba Aissatou amdharau mwenziwe kuwa mwoga, au Ramatoulaye amhukumu mwenziwe kuwa mwenye kiburi. Hakuna lililotokea kati ya hayo. Ramatoulaye na watoto wake walipokuwa wakitaabika kwa kugombania mabasi, Aissatou alisikia, naye kutoka mbali akamnunulia motokaa. Ramatoulaye alikuwa na woga wa kuiendesha, akajifunza, akaweza. Motokaa ile ni ile shayiri ya Ruthu, imekuja kwa namna nyingine.

Ni lazima tuseme neno juu ya ndoa, ili msomaji asidhani kwamba twakwepa. Wanawake hawa wawili ni Waislamu, na kitabu chao chasimama juu ya sheria za dini yao. Sisi Wakatoliki twashika kwamba ndoa ni ya mume mmoja na mke mmoja, na kwamba kifungo chake hakifunguliwi na mwanadamu. Lakini isidhaniwe kwamba Kanisa humwamuru mke akae chini ya ngumi mpaka auawe. Sheria ya Kanisa yenyewe humruhusu mwenye ndoa aishi mbali na mwenziwe, ikiwa mwenzi huyo anahatarisha vikubwa roho au mwili wa mwenziwe au wa watoto, ingawa kifungo cha ndoa chabaki. Mama anayepigwa anahitaji rafiki anayelijua jambo hilo na kumpeleka kwa padre, hospitalini, na kwenye vyombo vya serikali panapohitajika. Kumwambia avumilie tu, kisha kurudi kwetu kulala kwa amani, si urafiki.

Ramatoulaye angali edani, ndugu wa marehemu yuaja kutaka kumrithi. Anakataa. Yuaja mtu mwingine, mwungwana, aliyempenda tangu ujana, lakini mwenye mke tayari. Ramatoulaye amkataa naye, kwa maana hataki kumwonjesha mwanamke mwingine uchungu alioonja yeye. Hapo ndipo msemo wa adui wa mwanamke unapovunjwa kabisa. Mwanamke huyo anayekingwa na uamuzi wake wala si rafiki yake.

Kuna jambo moja zaidi. Ramatoulaye alimpa binti yake jina la Aissatou, akawa somo wa rafiki yake. Sisi Wakatoliki twaijua vizuri maana ya somo, kwa kuwa kila mbatizwa ana somo wake mbinguni, ambaye hubeba jina lake na kumwombea. Basi huyo Aissatou mdogo, akiwa bado mwanafunzi, alipata mimba. Mama yake alitikisika kama mama yeyote. Alifikiri juu ya heshima ya nyumba, juu ya majirani, juu ya baba aliyekwisha kufa. Kisha akamkumbatia mwanawe. Kijana aliyehusika akaja, akakubali wajibu wake. Binti hakutupwa.

ROSA MISTIKA

Kitabu cha tatu ni Rosa Mistika, riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1971. Wengi walikiona kuwa kinasema waziwazi mno, kikapigwa marufuku shuleni; baadaye marufuku hiyo iliondolewa, kikasomwa madarasani. Jina lake ni mojawapo ya majina ya heshima ambayo twampa Bikira Maria katika Litania ya Loreto.

Kitabu hiki si cha watoto wadogo. Wazazi wakisome kwanza wao wenyewe. Rosa ni binti wa Regina, mama mwenye subira, na Zakaria, aliyewahi kuwa mwalimu, kisha akatekwa na ulevi. Zakaria hamsaidii mwanawe katika mengi, lakini kwa habari ya wavulana ni mkali kupita kiasi. Alipogundua barua ambayo Rosa aliandikiwa na mvulana, alimpiga vibaya. Tangu siku hiyo Rosa alijifunza kuwaogopa wanaume, wala hakujifunza kuwafahamu. Alipotoka chini ya mkono wa baba yake, akaenda masomoni na hatimaye chuo cha ualimu, hofu iliisha ghafula na hakuna kitu kilichowekwa mahali pake. Akaanguka, akaanguka tena.

Lakini tukumbuke kwamba habari za Rosa haziishii hapo. Rosa alitaka kuanza upya! Alirudi, akashika kazi, akatengeneza mwenendo, akataka kuolewa na kuwa mama wa nyumba. Mtu aliyempenda alipojua mambo yake ya zamani, alimwacha. Rosa akajiua.

Wasomaji wengi hukijadili kitabu hiki kwa kuuliza nani mwenye kosa, Rosa au Zakaria. Sisi twauliza jambo jingine. Katika siku zile alipotaka kurudi, ni nani aliyekuwa amesimama karibu naye? Wenzi wa kucheka nao hakuwakosa. Mama yake alimpenda, lakini yeye naye aliishi katika hofu ya mume yule yule. Alimkosa mtu ambaye angeweza kumweleza yote bila kupigwa na bila kuchekwa. Mtu ambaye, baada ya yule mchumba kuondoka, angeingia chumbani, akaketi kitandani, akamwambia kwamba maisha hayajafika mwisho. Naomi aliyeitwa Mara alikuwa na Ruthu. Ramatoulaye alikuwa na Aissatou. Rosa hakuwa na mtu siku ile.

Na kwa kuwa ziko jamaa zetu zilizopatwa na msiba wa namna hiyo, tuongeze maneno haya. Kujiua ni jambo zito, na Kanisa halitabadili fundisho lake juu ya thamani ya uhai. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba uchungu mkubwa, hofu kuu au ugonjwa wa nafsi waweza kupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, maana Mungu ana njia zake. Kanisa huwaombea watu hao. Majirani, basi, wasiwatese waliobaki kwa maneno.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, twajifunza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mjane, mke aliyeachwa, binti aliyezaa kabla ya ndoa, mama aliyepoteza kazi, wote hao bado wana maisha mbele yao. Katika nchi yetu, tangu mwezi wa Novemba 2021, msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya kujifungua amefunguliwa tena mlango wa shule. Mlango wa shule ukiwa wazi na mlango wa nyumba ya baba yake umefungwa, atapitaje? Nani atamlea mtoto mchana? Nani atanunua daftari? Wako wazazi Wakatoliki ambao hutoa sadaka kwa ukarimu, kisha humfukuza binti yao usiku. Yatupasa tuwaambie wazi kwamba wanampa Mungu kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mkono wa pili.

Pili, twajifunza kwamba rafiki wa kweli hamlazimishi mwenziwe kufuata njia yake. Naomi alimbariki Orpa. Aissatou aliondoka, Ramatoulaye akabaki, na urafiki haukufa. Mara nyingi sisi hutoa msaada kwa masharti: ukifuata shauri langu nitakuja, usipolifuata usinililie. Mwenye kuumia akisikia hayo hujifunga kinywa, na siku ya hatari kubwa hatatuita.

Tatu, twajifunza kwamba msaada una mwili. Ruthu alileta shayiri, Aissatou alinunua motokaa, Boazi aliwaita wazee langoni. Mjane wa siku zetu asemaje juu ya hayo? Mara nyingi arobaini haijapita, na ndugu wa marehemu wamekwisha kuhesabu mabati. Mjane huyo anahitaji sala zetu, naam. Lakini pia anahitaji mtu wa kumsaidia kutafuta cheti cha ndoa na cheti cha kifo, wa kufuatana naye mahakamani kufungua mirathi, wa kukaa na watoto siku hiyo, na wa kumkopesha nauli. Tangu Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nafasi ya kwanza katika utume, mwaka 1976, twasali nyumba kwa nyumba. Tukimaliza rozari, tusiondoke kabla ya kuuliza nani hajala. Nao akina mama wa WAWATA, chama chao kilichoanzishwa mwaka 1972, wana sare nzuri na nyimbo nzuri. Heshima yao kubwa zaidi ni ile ya kumfuata mwenzao aliyeacha kuja.

Nne, twajifunza kwamba anayesaidiwa naye atasaidia. Naomi hakubaki mzigo wa Ruthu. Alikuwa na akili, na ujuzi wa desturi za mji, navyo ndivyo vilivyompatia Ruthu makao. Basi tusimfanye mjane kuwa ombaomba wa kudumu. Tumpe nafasi katika chama cha kuweka na kukopa, tumwulize shauri, tumwachie naye afundishe.

Huenda mtu akauliza kama urafiki wa namna hii hauwezi kuwa na hatari. Waweza. Wako marafiki wanaochochea ugomvi wa nyumba za wenzao, wanaotangaza siri, wanaovuta wengine katika ulevi na ushirikina. Ndiyo sababu twasema tuvipime vitabu na tuwapime marafiki kwa kipimo kimoja. Je, mwenzangu akitoka kwangu huwa na nguvu zaidi za kutenda mema? Bikira Maria alipokwenda kwa Elisabeti, alikaa kwake miezi kama mitatu. Mmoja alikuwa mzee mwenye mimba isiyotazamiwa, wa pili kijana mwenye mimba ambayo watu wangeweza kuisema vibaya. Walisalimiana kwa furaha ya Mungu, na Maria akabaki katika miezi ile iliyokuwa migumu. Mwenye kutaka mfano wa urafiki ulio safi asiende mbali.

Nao akina baba wasidhani kwamba somo hili haliwahusu. Zakaria alikuwa baba, na Boazi alikuwa mwanamume. Mume mwenye busara hufurahi mkewe akiwa na rafiki mwaminifu, kwa maana hajui ni nani kati yao atakayetangulia kufa, wala nani atakayekaa na mjane wake usiku wa tatu baada ya mazishi, wakati waombolezaji wamekwisha kwenda zao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Twawaombeni wazazi wasome sura nne za kitabu cha Ruthu pamoja na watoto wao, sura moja kila jioni, kisha wazungumze juu ya maswali haya:

1. Naomi alisema kwamba amerudi mikono mitupu, na Ruthu yupo karibu. Ni nani aliye karibu nasi ambaye hatumwoni kwa sababu ya huzuni zetu?

2. Binti yetu akipatwa na tatizo kubwa, atamwambia nani kwanza? Kama si sisi, ni kwa sababu gani?

3. Yuko nani katika jumuiya yetu aliyefiwa, aliyeachwa au aliyeaibishwa mwaka huu? Mara ya mwisho tulimtembelea lini, na tulichukua nini mkononi?

4. Yuko mtu ambaye twamkumbusha daima makosa yake ya zamani, ingawa ameyaungama na kuyaacha? Mungu akiisha kusamehe, sisi twashikilia nini?

5. Somo wangu ni mtakatifu gani, nami ninawezaje kuwa kwa mwenzangu kama somo wangu alivyo kwangu?

Wasomaji wapenzi, kila parokia yetu ina Naomi wake, na wako akina Rosa ambao hatuwajui kwa kuwa hawajathubutu kusema. Kabla ya Jumapili ijayo, kila mama na achague mmoja, amwendee nyumbani kwake, akae kitako, asikilize kabla ya kusema. Baba na ampe nafasi ya kwenda, akibaki yeye na watoto. Tukifanya hivyo, ule msemo mbaya wa adui wa mwanamke utakosa mtu wa kuurithi. Mungu Baba wa yatima na mtetezi wa wajane awajalieni nguvu, na Bikira Maria awe mwenzi wenu njiani.